Mpunga, Moto na Mapumziko ya Mlima: Hotuba juu ya Ardhi ya Walao na Wahmong

Ndugu mwenyekiti, walimu wetu, wanafunzi wa kilimo, kina mama na kina baba mliofika, habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie ardhi na maisha ya Walao na Wahmong. Ningeweza kuanza na mahekalu ya Luang Prabang, au na mikufu ya fedha ya wanawake wa Kihmong, kwa kuwa hivyo ndivyo vinavyopamba kalenda za watalii. Naomba nianze na shamba. Kwa miongo mingi mkulima wa milima ya Laos ameambiwa kwamba anateketeza msitu kwa ujinga wake. Nimekuja kusema kwamba kazi yake anaijua kwa undani, na kwamba mlima umechoka kwa sababu nafasi ya mkulima ya kuzungusha mashamba imebanwa kila upande: na vita, na mabomu yaliyobaki, na mistari iliyochorwa ofisini, na soko. Nitayaeleza haya kwa mambo ya jembe na chungu, kwa sababu ndipo ukweli wake unapoonekana.

Kwanza nchi yenyewe. Laos haina bahari. Imezungukwa na China, Vietnam, Kambodia, Thailand na Myanmar. Eneo lake ni kilomita za mraba 236,800, karibu sawa na Uganda. Lakini Uganda ina watu zaidi ya milioni 45 na Laos haifiki milioni 8. Mtu akisikia hivyo hudhani ardhi ni tele. Ardhi ya tambarare ni haba. Mto Mekong unateremka upande wa magharibi, na kandokando yake ndipo yalipo mabonde mapana ya Vientiane, Savannakhet na Champasak. Mashariki, mpakani na Vietnam, kuna safu ya milima ya Annam, na kaskazini yote ni milima iliyopandana. Kilele kirefu kuliko vyote, Phou Bia, kina mita 2,819. Mvua huanza Mei na kukoma Oktoba. Kusi tunayoijua katika pwani yetu, ikishavuka ikweta, hupinda na kuwa upepo wa kusini-magharibi, na huo ndio unaopeleka mvua Asia. Baada ya Oktoba ni kiangazi kitupu.

Serikali inatambua makabila 50. Zamani watu walipangwa kwa kimo cha makazi yao: Lao Loum wa bondeni, Lao Theung wa mitelemkoni, Lao Soung wa juu kabisa. Mpango huo si rasmi tena, lakini midomoni mwa watu bado upo. Kwa sensa ya 2015, Walao wenyewe ni zaidi kidogo ya nusu ya wananchi. Wakhmu, waliokuwako kabla ya Walao kuingia, ni kama asilimia 11, na Wahmong kama asilimia 9. Wahmong walishuka kutoka kusini mwa China katika karne ya 19. Walikuta mabonde yana wenyewe na mitelemko ina wenyewe, wakapanda juu ya mita 1,000. Huko walipata baridi, udongo wa mawe ya chokaa, na hewa isiyo na malaria. Hilo la malaria mlishike, nitalirudia.

Tuanze bondeni. Mlao wa bondeni analima mpunga wa majaruba, kwa utaratibu ambao mkulima wa Kyela au Mwea hatapata shida kuutambua. Mbegu huwekwa kitaluni mvua zinapoanza, miche hung'olewa ikiwa na mwezi mmoja hivi, hupandikizwa Juni na Julai, na mavuno ni Oktoba na Novemba. Nyati aliyekuwa akivuta jembe ameipisha pawatila. Tofauti kubwa iko kwenye punje. Mpunga wanaoupenda ni ule wa kunata, khao niao, na hakuna taifa duniani ambalo kila mtu wake, kwa wastani, anakula wali wa kunata mwingi kama Walao. Kati ya 1995 na 2000 zilikusanywa vijijini sampuli zaidi ya 13,000 za mpunga wa Laos zikahifadhiwa katika benki za mbegu, na nyingi mno zilikuwa za kunata. Sampuli hizo ni kazi ya wakulima, wanawake hasa, waliochagua masuke kwa mikono yao mavuno baada ya mavuno.

Kunata kwenyewe kunatokana na wanga. Wanga wa mchele una aina mbili: amilosi, ambayo huziacha punje zisimame mbalimbali, na amilopektini, ambayo huzishikanisha. Mchele wa kunata una amilosi chini ya asilimia 2. Ndiyo maana mchele wetu wa kawaida hautatoa khao niao hata ukiuloweka siku mbili, na ndiyo maana huo wa kwao hautokoswi ndani ya maji: utageuka gundi.

Namna ya kuupika ni hii. Chukua kilo moja, osha mara mbili tatu, kisha loweka katika maji yanayoufunika kwa vidole vinne, usiku kucha au kwa uchache saa 6. Mchele wa mavuno mapya huloweka upesi zaidi. Chuja, tia ndani ya huat. Hicho ni kikapu cha mianzi chenye umbo la pia, mfano wa kawa la kufunikia chakula lililogeuzwa juu chini. Kikapu hukaa mdomoni mwa chungu chenye shingo nyembamba, ndani yake maji ya vidole vitatu yanachemka. Funika. Baada ya dakika 15 geuza bonge zima kwa kukitikisa kikapu mara moja, ili uliokuwa juu uende chini. Baada ya dakika nyingine 10 hivi umeiva. Umwage juu ya ubao, uutandaze na kuugeuza kwa mwiko kwa dakika moja au mbili, mvuke utoke, kisha uutie katika kikapu chenye mfuniko kiitwacho tip khao. Humo unakaa laini tangu alfajiri hadi jioni, na ndiyo maana mtu akienda shambani hujifunga kikapu chake kiunoni.

Makosa ni manne, na kila moja lina dalili yake. Ukiulowesha muda mfupi, punje inakuwa na kiini kigumu ambacho mvuke wowote hautakiondoa. Maji yakigusa ncha ya kikapu, chini kunakuwa uji. Mvuke ukivuja kati ya kikapu na chungu, mchele hauivi juu. Dawa yake ni kuzungushia kitambaa kibichi mahali pa kuungana. Na ukiuingiza ndani ya tip khao bila kuupepea, mvuke ulionaswa unageuka maji na wali unachacha kabla ya magharibi. Mlaji hukata tonge dogo kwa mkono wa kulia, hulibana mpaka liwe imara, kisha huchovya au huchotea mboga. Wali wenyewe ndio kijiko.

Na huchovya nini? Mara nyingi kitu chenye padaek, samaki wa mto waliochachushwa. Kipimo kinachotumiwa na wengi ni sehemu tatu za samaki, moja ya chumvi, moja ya pumba za mpunga. Samaki hutolewa magamba na matumbo, huchanganywa, hushindiliwa ndani ya mtungi, huwekewa uzito juu wasielee, na hufunikwa kwa miezi 6 hadi mwaka. Chumvi ikipungua, samaki huoza badala ya kuchacha. Wakielea juu ya maji ya chumvi, nzi hutaga.

Hapa pana jambo la kiafya lisilotakiwa kupitwa. Samaki wa jamii ya karpi katika maji ya Mekong hubeba mnyoo wa ini aitwaye Opisthorchis viverrini. Mayai yake hutoka na kinyesi cha binadamu, humezwa na konokono wa maji, kisha viluwiluwi huingia kwenye nyama ya samaki. Anayekula samaki mbichi aliyekatwakatwa na ndimu, au padaek changa ya wiki chache, huwameza wakiwa hai. Ndimu haiwaui. Wakikaa miaka mingi katika mirija ya nyongo husababisha saratani ya mirija hiyo. Dawa yao ni prazikwanteli, dawa ileile inayogawiwa kwa kichocho katika shule zetu. Lakini anayemeza dawa leo na kurudia samaki mbichi kesho anaanza upya, kwa hiyo kinga ya hakika ni kuichemsha padaek na kumpika samaki mpaka nyama iache miba.

Sasa tupande mlimani.

Shamba la mlimani huitwa hai. Kazi yake inaanza Januari, kwa kuchagua mahali. Mkulima mzoefu anasoma uoto: mianzi minene na miti yenye unene wa paja inaonyesha kwamba udongo umepumzika, nyasi ndefu za makali zinaonyesha kwamba haujapona. Januari na Februari anafyeka, vichaka kwanza, miti baadaye, na visiki anaviacha virefu hadi magotini ili vichipue tena. Visiki hivyo ndivyo msitu wa kesho. Anayeving'oa, au anayeingiza trekta, ameikata mizizi inayoushika mlima usiporomoke.

Kisha ni kusubiri jua. Fyeko hukauka mwezi mmoja hadi miwili. Kabla ya moto, mpaka wa shamba hufagiliwa mkanda wa mita kadhaa usiwe na hata jani, na watu husimama penye hatari wakiwa na matawi mabichi. Moto huwashwa Machi au mwanzoni mwa Aprili, mchana wa jua kali na upepo mdogo. Huanzia juu ya mtelemko ili ule taratibu kuteremka na kujitengenezea kizuizi, ndipo huwashwa chini ukakutane nao. Anayeanza chini pekee anapata ukuta wa moto unaokimbia kupanda, na hapo msitu wa jirani umekwisha.

Hesabu ya siku ndiyo yote. Ukichoma mapema mno, magugu yanachipua kabla hujapanda mpunga. Ukichelewa, mvua ya kwanza inalowesha fyeko, moto unakula nusu, na familia inashinda wiki nzima ikikusanya magogo yaliyobabuka na kuyachoma upya. Moto mzuri unafanya kazi tatu kwa pamoja: unaacha majivu yanayopunguza uchachu wa udongo na kuulisha, unaua mbegu za magugu zilizo juu juu, na unafukuza wadudu. Moto hafifu hautimizi hata moja. Kwa hiyo mkulima anapochungulia mawingu mwezi wa Machi, anapiga hesabu ya palizi za Julai.

Kupanda ni Mei na Juni. Wanaume wanatangulia kwa safu, kila mmoja ana mti mrefu uliochongwa ncha, wanatoboa vishimo vya sentimita 3 hadi 5, umbali wa shubiri moja hivi. Wanawake wanafuata na kudondosha punje 5 hadi 10 katika kila kishimo. Udongo haulimwi. Kwenye mtelemko mkali, kulima ni kuukabidhi udongo kwa mvua. Mbegu za matango huchanganywa na mpunga, na pembeni hupandwa maboga, pilipili, ufuta na magimbi. Mpunga wenyewe ni wa aina tatu kwa uchache. Khao do ni wa mapema, sehemu ndogo tu, na kazi yake ni kuivusha familia katika miezi ya njaa kabla ya mavuno makubwa. Khao kang ni wa kati, khao pi wa mwisho. Mvua ikikatika Agosti inamuumiza mmoja, wengine wanaokoka. Na mavuno hayaivi siku moja, kwa hiyo mikono michache inatosha.

Hektari moja inatoa tani moja na nusu, mbili ikikubali sana, bila mbolea ya duka. Panya hula sehemu yake, na mwaka ambao mianzi inachanua na kumwaga mbegu, panya huzaliana kwa wingi hata kumaliza shamba usiku mmoja. Ghala hujengwa juu ya nguzo, na kila nguzo huvishwa duara la mbao au bati ambalo panya hawezi kulipita.

Lakini adui mkubwa kuliko panya ni magugu. Karibu nusu ya kazi yote ya mwaka katika hai ni palizi, na wapalilizi wengi ni wanawake. Wakulima wa kaskazini walipohojiwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 walieleza kwamba katika miaka ya 1950 shamba lilipumzishwa karibu miaka 38 kabla ya kufyekwa tena, na wakati wa mahojiano hayo lilikuwa likipumzishwa miaka 5. Palizi zilikuwa kama 2 kwa msimu, zikawa karibu 4. Tafadhali zitazameni tarakimu hizo pamoja. Kivuli cha msitu wa miaka mingi huua mbegu za magugu ardhini. Kichaka cha miaka mitatu kinazihifadhi. Mkulima ni yuleyule, moto ni uleule, mbegu ni zilezile. Kilichobadilika ni mapumziko.

Kuna gugu moja ambalo wenzetu wa kanda ya Ziwa Viktoria wameanza kulijua, Chromolaena odorata, kichaka chenye maua meupe na harufu kali ukikivunja jani. Laos kiliingia katika miaka ya 1930. Wataalamu wanalihesabu miongoni mwa magugu mabaya ya dunia. Wakulima wa milimani wana maoni tofauti kidogo: ni rahisi kulikata kuliko nyasi za makali, linafunika ardhi upesi baada ya mavuno, na majani yake huoza haraka. Ukiwa na miaka 3 tu ya kupumzisha shamba, bora likufunike hilo. Mimi naona hukumu yao ni ya haki kwa hali waliyomo, ingawa kwetu, kwenye malisho ya ng'ombe, gugu hilohilo ni balaa.

Mpaka hapa nimewaeleza wakulima wa mlimani kwa jumla, Wakhmu wakiwemo. Mhmong ana yake ya pekee. Mlao anaishi katika nyumba ya nguzo. Mhmong anajenga juu ya ardhi, sakafu ya udongo uliopigwa, kuta za mbao, madhabahu ya mizimu ukutani mkabala na mlango mkuu. Mlao anakula wali wa kunata kwa mkono. Mhmong kwa desturi anakula mchele wa kawaida kwa kijiko, na wa kunata anautwanga kwa ajili ya vitumbua vya mwaka mpya wao, baada ya mavuno. Ukoo ndio mhimili: kuna koo kama 18, Vang, Yang, Xiong, Moua, Lor, Thao na wengineo. Wawili wa jina moja hawaoani hata kama hawajui undugu wao unaanzia wapi, na msafiri akifika kijiji kigeni anauliza kwanza nyumba ya jina lake, na huko atalala na kula.

Mtoto wa kiume akizaliwa, kondo la nyuma huzikwa chini ya nguzo kuu ya nyumba; la binti huzikwa chini ya kitanda cha wazazi. Mtu akifa, anaimbiwa wimbo wa kuonyeshwa njia, na baada yake hupigwa qeej, chombo cha filimbi sita za mianzi ambazo sauti zake hufuata toni za maneno, kwa hiyo anayejua anasikia usemi. Roho inatajiwa kila mahali marehemu alipoishi, kwa mpangilio wa kurudi nyuma, kijiji kwa kijiji, mpaka pale lilipozikwa kondo lake, ilichukue kama vazi, ndipo iendelee kwa wahenga. Mazishi huchukua siku kadhaa. Watu wanaosemwa kwamba hawana makao wanabeba kumbukumbu kamili ya kila walipokaa.

Nguo zao zinastahili dakika chache. Wahmong hulima mmea wa jamii ya bangi kwa ajili ya nyuzi. Mbegu humwagwa kwa msongamano ili mashina yawe membamba, marefu na yasiyo na matawi, na huvunwa baada ya miezi mitatu hivi. Ganda huchunwa, nyuzi huunganishwa ncha kwa ncha kwa vidole. Mtaona mwanamke akitembea kwenda shambani huku vidole vinaunga uzi. Zikifumwa, kitambaa hulainishwa kwa kusuguliwa na jiwe. Kisha batiki: nta ya nyuki huyeyushwa, na kwa kalamu yenye vipande vya shaba mwanamke huchora mistari iliyonyooka bila rula. Nta ikiwa moto mno inatambaa ndani ya uzi na mstari unavimba. Ikipoa inakaa juu tu, na rangi itapenya chini yake.

Rangi ni ya nili. Majani hulowekwa siku mbili au tatu mpaka maji yawe ya kijani na yatandwe na utando wa kungʼaa. Majani hutolewa, hutiwa chokaa iliyozimwa, maji hupigwapigwa hadi povu liwe la buluu kisha lishuke. Asubuhi tope limetulia chini. Tope hilo huchanganywa na maji ya majivu na pombe ya mchele, huachwa lichache siku kadhaa. Likiwa tayari, maji ni ya kijani-manjano chini ya povu la buluu. Kitambaa kinatoka kijani na hewa inakigeuza buluu mbele ya macho. Chokaa ikizidi, tope linakuwa la kijivu na zito lisiloshika. Baridi ikizidi, uchachu unasimama. Ukikoroga sana unaingiza hewa na rangi inakufa pipani. Kitambaa hutiwa na kuanikwa mara nyingi, kwa siku nyingi, na chote hufanyika kwa maji ya baridi, maana maji moto yangeyeyusha nta kabla ya wakati wake.

Udongo wa chokaa wa huko juu uliifaa kasumba pia. Mahindi yalipandwa Aprili na Mei, yakavunwa Agosti na Septemba kwa ajili ya nguruwe na kuku, na mbegu za mipopi, mimea inayotoa kasumba, zikamwagwa shamba lilelile mipopi ikue katika baridi. Utawala wa Kifaransa ulifanya kasumba kuwa mali ya serikali na kuinunua. Mwaka 2006 serikali ya Laos ilitangaza kwamba kilimo hicho kimekwisha. Kwa familia nyingi lilipotea zao pekee ambalo lilibebeka mgongoni bila barabara na kulipa mchele wa mwaka mbovu, na halikupatikana la kuziba pengo hilo upesi.

Nije kwenye vita, na nitasema wazi. Kati ya 1964 na 1973 ndege za Marekani zilifanya safari 580,000 za kudondosha mabomu juu ya Laos, zaidi ya tani milioni 2. Ni sawa na shehena moja kila dakika 8, mchana na usiku, kwa miaka 9. Ndiyo nchi iliyopigwa mabomu mengi kuliko nyingine yoyote ukigawa kwa idadi ya watu wake. Wahmong wengi walipigana chini ya jenerali Vang Pao, katika jeshi lililolipwa kwa siri na shirika la ujasusi la Marekani, makao yake Long Tieng. Wengine, wakiongozwa na Faydang Lobliayao, walikuwa upande wa Pathet Lao, wapiganaji wa kikomunisti. Kuwaita wote vibaraka ni kosa la historia.

Ndani ya mabomu hayo mlikuwa na vibomu zaidi ya milioni 270, vingi vya ukubwa wa mpira wa tenisi. Wenyeji huviita bombi. Vinavyokadiriwa kutolipuka vilipoanguka ni kama milioni 80. Tangu vita kwisha vimeua na kujeruhi watu zaidi ya 20,000, wengi wao wakulima na watoto. Mkoa wa Xieng Khouang, penye Uwanda wa Mitungi (mitungi mikubwa ya kale ya mawe) ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2019, ni miongoni mwa iliyojaa zaidi.

Wakulima mnielewe hapa. Bombi iko sentimita chache chini, kina cha jembe. Kutoboa vishimo vya mbegu ni salama kuliko kulima kwa jembe, lakini si salama kabisa. Kuchoma shamba hupasha udongo joto. Moto wa kuota jioni ya baridi, uliowashwa chini mahali pasipowahi kuwashwa moto, umeua watu waliouzunguka. Ndiyo sababu familia hufundishwa kupikia jikoni palepale kila siku, au juu ya jiko lililoinuliwa. Wasafishaji hupima shamba kwa mikanda, mita kwa mita, na bombi ikionekana haiguswi wala haisogezwi: hulipuliwa ilipo. Ni kazi ya polepole mno. Na tazameni matokeo yake kwa kilimo: kipande kinachoogopewa hakilimwi, kwa hiyo kile kinachojulikana kuwa salama kinalimwa mwaka baada ya mwaka bila kupumzika. Mabomu yamefupisha mapumziko ya mlima kabla hata ya sera yoyote.

Mei 1975 Long Tieng ilianguka, na tarehe 2 Desemba mwaka huo ikatangazwa jamhuri ya sasa. Makumi ya maelfu walivuka Mekong kwenda kambi za Thailand, na baadaye Marekani, Ufaransa na Australia. Leo Wahmong wa Marekani wanazidi 300,000, wengi wako California, Minnesota na Wisconsin. Kundi moja lilipelekwa Guyana ya Kifaransa, Cacao mwaka 1977 na Javouhey 1979, likafyeka msitu wa mvua na kuwa walishaji wakubwa wa mboga katika nchi ile. Watu walioambiwa hawajui kilimo.

Katika miaka ya 1990 ukaja mpango wa kugawa ardhi na misitu. Vijiji vilichorewa mipaka, na mara nyingi kila kaya ya mlimani iligawiwa vipande vitatu tu vya kulima kwa zamu. Pigeni hesabu: kipande kimoja kwa mwaka, basi kila kimoja kinapumzika miaka miwili. Hakuna mtaalamu wa udongo atakayesema kwamba mtelemko unapona kwa miaka miwili. Magugu yakaongezeka, mavuno yakashuka, na ripoti zikaandika kwamba kilimo cha kuhamahama kimeshindwa. Vijiji vingine vilihamishiwa chini, karibu na barabara, shule na zahanati. Hayo ni mambo mema, na wengi waliyataka. Lakini watu waliozaliwa juu ya mstari wa malaria waliteremshwa kwenye mbu bila kinga mwilini, na katika miaka ya kwanza vijiji vingi vilizika watu wengi.

Leo mitelemko mingi imejaa mahindi ya kuuza, mihogo na mpira. Mahindi ya mfululizo hulimwa kwa dawa za magugu na, penye njia, kwa trekta, visiki vikang'olewa. Miaka ya mwanzo hulipa vizuri. Kisha udongo wa juu unaondoka na mvua na mkulima anabaki na deni la mbegu.

Wanafunzi, mkipewa ripoti yenye picha ya moshi juu ya milima ya Laos, ulizeni maswali haya kabla ya kuandika chochote: shamba limepumzika miaka mingapi, limepaliliwa mara ngapi, visiki vimeachwa au vimeng'olewa, kaya ina vipande vingapi, na je, ardhi ya bondeni iliyo karibu imesafishwa mabomu?

Yako mambo yanayosaidia, nayo ni madogo madogo. Moja ni mmea wa malisho wa jamii ya kunde, stailo, unaopandwa katika vipande vilivyochoka karibu na nyumba. Wanawake waliokuwa wakitembea saa kadhaa kutafuta majani ya nguruwe porini huukata hapo hapo, wakauchanganya na mahindi au pumba, na nguruwe hufikia uzito wa kuuza mapema zaidi. Unataka kukatwa ukiwa juu ya shubiri moja kutoka ardhini. Ukikatwa chini ya hapo haurudi, na mahali palipoachwa wazi huota nyasi za makali. Wahmong wa Xieng Khouang, ambao tangu zamani hukata majani na kumpelekea ng'ombe mmoja mmoja zizini mpaka anenepe, waliushika upesi. Lakini unahitaji kipande kisichodaiwa na mpunga, na mwenye vipande vitatu hana cha nne cha kuutolea.

Asanteni. Nipo tayari kwa maswali.